Mkono wa Mwamvita

Mkono wa Mwamvita ulikuwa ukimsuka nywele.

Niliuona kupitia tundu la ua wa mabati. Tundu lenyewe sikulitoboa mimi. Nililikuta, nikalipanua kidogo tu. Mkono una magurudumu matatu, shina la kimo cha mtoto wa darasa la nne, kiwiko kimoja na vidole sita. Mola katupa vitano, Ofisi ya Mizani ikaona havitoshi. Asubuhi hiyo vilikwisha kutwanga kisamvu, vikaanika nguo, vikaosha masufuria, na sasa vilikuwa kichwani kwa Mwamvita vikimsuka twende kilioni, mistari imenyooka kama reli.

"Kaza kidogo hapo nyuma," Mwamvita akasema. Mkono ukakaza.

Upande wangu wa ua nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, beseni la mihogo miguuni. Muhogo mmoja, napumzika. Wa pili, napumzika. Wa tatu nikautazama, ukanitazama, nikaurudisha kwenye beseni.

"Mnyamwezi we! Najua uko hapo kwenye tundu lako. Nakusikia unavyohema."

"Nahema kwa harufu yako, Mzaramo. Leo umeoga au Mkono umesahau?"

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka pwani kwa miguu. Wewe mihogo mitatu inakushinda?"

"Na babu zako walikuwa wamelala chini ya minazi wakitusubiri tufike, wapate cha kuuza."

Akacheka. Mwamvita akicheka hucheka mwili mzima, na Mkono ukasimamisha kusuka ukangoja kichwa kitulie. Hicho ndicho kilichoniuma. Cheko langu mimi halijawahi kungojwa na mtu.

Sikatai, nilikuwa na wivu. Nimepata kuugua malaria, tetekuwanga na ndoa, na vyote vilinitoka. Wivu wa Mkono ule ulikaa.

Tuliugua pamoja, mimi na yeye. Ilikuwa masika ile ya homa. Walitulaza hospitali, vitanda viwili vinavyotazamana, na tulipogundua kwamba huyu Mnyamwezi na huyu Mzaramo, utani ukaanzia hapo hapo, dripu zikining'inia. Homa ilitoka ikaacha kitu nyuma yake. Waganga wana jina lake refu. Sisi mtaani tunakiita kesho. Leo unaweza kufua, ukacheka, ukaenda sokoni kama watu. Kesho yake mwili unazimika. Hausinzii, unazimika: kope nzito, mifupa imejaa mchanga, kijiko kinakushinda kukifikisha mdomoni. Ukimwambia mtu, anakujibu kwamba hata yeye huwa anachoka.

Mbegu pia haielewi. Kila anayeomba msaada hutiwa moja nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya mtama. Husoma mapigo, damu na mwendo, na husikia yanayosemwa karibu yake. Damu yetu ni safi. Mapigo yetu ni mazuri. Mbegu ikikukuta umelala siku sita huandika "amelala", na Mizani, ile mashine inayopima maombi ya mkoa mzima, haina mahali pa kuandika kwamba mtu amelala kwa sababu kukaa kumemshinda. Ndiyo maana walitunga Sauti ya Jirani. Damu ikinyamaza, waseme majirani. Mizani hukusanya yote yaliyosemwa juu yako kwa siku tisini, ikayapima.

Na hutumwa afisa, aje akuone kwa macho.

Afisa alipokwenda kwa Mwamvita, Mwamvita alisema "pita" akiwa kitandani, akageukia ukutani. Alipokuja kwangu, mimi niliamka kabla ya adhana. Nikafagia uwanja. Nikasukuma chapati, nikapika maharage ya nazi, nikavaa gauni la Idi. "Karibu, baba, karibu, usikae hapo, hicho kiti kibovu. Ongeza chai." Sasa mgeni anikute nimelala? Mama yangu angefufuka anichape. Afisa alikula chapati nne, akashukuru sana, akaandika: "Mwombaji ana uwezo wa kuhudumia wengine." Alipotoka mlangoni nilianguka kitandani na gauni langu, nikakaa humo hadi Ijumaa.

Safu yetu ina nyumba kumi na nane na Mkono mmoja. Ukaenda kwa Mwamvita. Mimi nikaandikwa wa pili.

*

Kaka yake Mwamvita, Kondo, alifariki mwezi wa tisa. Mtani akifiwa una kazi. Wenye msiba wanalia, wewe unawachekesha. Unamwigiza marehemu, unaizuia sufuria ya wali mpaka wakubembeleze, unawaambia wafiwa kwamba wanalia vibaya, warudie. Wakikasirika wamevunja mila. Nawe ukiwa na kinyongo, umeivunja zaidi.

Siku ya tatu, baada ya kisomo cha alasiri, uwanja ulijaa. Niliingia nimefunga kilemba cha Kondo, natembea mguu upande kama alivyotembea. Wazee wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo.

"Nimerudi," nikasema kwa sauti yake nzito. "Huko nilikokwenda wameniuliza kabila. Nikasema Mzaramo. Wakasema rudi kwanza uamke, hapa tunapokea waliokufa, hatupokei waliolala!"

Uwanja ukapasuka. Mwamvita alikuwa ameegemea nguzo, macho mekundu ya siku tatu, akacheka hadi mtandio ukamdondoka. Mkono ukauokota ukamrudishia begani.

Mtani anayejua kazi hujua pa kutua. Hapo palikuwa pa kutua. Lakini nilikiona kile kidole cha sita kikiunyoosha mtandio, polepole, kwa adabu, kama mtoto wa nyumba njema, nikavua kilemba cha Kondo nikasema kwa sauti yangu mwenyewe:

"Na huyu dada mtu, mnamwonea huruma? Huyu hachoki! Mimi jirani yake nawaambieni. Harusi ya Zaina alicheza mdundiko tangu saa nne asubuhi hadi magharibi, kiuno hakijui kituo. Uchovu wake ni wa kupakwa kama wanja. Mkono huu ungepewa mtu anayestahili!"

Watu wakacheka tena, ila safari hii cheko lilikuwa jembamba. Mzee mmoja akakohoa. Aliyecheka mpaka mwisho ni Mwamvita peke yake.

"Wivu huo, Mnyamwezi!" akapiga kelele, akanirushia ganda la ndizi.

Nikacheka nami. Nikalidaka.

*

Jumanne iliyofuata, mchana, nilikuwa kwenye tundu langu. Mkono ulikuwa unakoroga mboga. Ghafla ukasimama. Ukaweka mwiko chini, ukajifuta vidole vyote sita kwa kitambaa, ukakikunja kitambaa, ukabingirika kuelekea lango.

"We! Unakwenda wapi?" Mwamvita alikuwa kwenye mkeka. "Mboga iko motoni! Mkono! Nakusemesha!"

Ukajifungulia lango, ukalifunga taratibu nyuma yake. Nikausikia ukipita uchochoroni, magurudumu yakilia juu ya changarawe, yakikaribia. Ukasimama mlangoni kwangu.

"Hodi," ukasema. Sauti ya kike, ya makamo, iliyosoma. "Kalunde Mgalula. Nimekabidhiwa kwako kwa siku saba, hadi uthibitisho. Naweza kuingia?"

"Kwa nini?" nikauliza, ingawa moyo wangu ulikwisha kusema karibu.

"Dai la jirani yako limepungua uzito kwa ushahidi uliosemwa msibani. Utafiti ulionyesha kwamba watu huogopa kusema uongo penye mauti. Maneno ya msibani huhesabiwa mara tatu."

Wale waliotunga Mizani walifanya utafiti, sawa. Hawakutuuliza nani huzungumza kwenye misiba yetu.

"Shahidi ni nani?" nikauliza.

"Mwenye dai hatajiwi shahidi kabla ya uthibitisho. Shahidi mwenyewe huambiwa. Ni wewe."

Ningepaswa kuugeuza hapo hapo. Badala yake nikasema, "Vua magurudumu, nimepiga deki," kisha nikacheka, kwa sababu magurudumu hayavuliki na deki sijapiga tangu mfungo.

Sitasema uongo: nilifurahi. Siku ya kwanza Mkono ulinipashia maji ukaniosha mgongo, mahali ambapo kwa miaka miwili nilikuwa naparuza tu na kuacha. Ulinipikia uji, ukaushika kijiko. Siku ya tatu niliamka asubuhi, nikangoja mwili uniambie leo ni hapana, haukusema. Nikakaa. Nikatazama dirishani kama mtu aliyehamia nyumba mpya. Hata mimi nilikuwa na nywele! Nikazisuka. Yaani nikasukwa.

"Mnyamwezi!" Mwamvita aliniita ng'ambo ya mabati. "Mtunze mume wangu huyo! Usimbebeshe mizigo kwa mazoea ya kwenu!"

"Kwako alikuwa anaona njaa!"

"Wamesema ni mambo ya ushahidi. Mimi nasema ni ile harusi ya Zaina. Mtu wa mbali kaniona nacheza, kaenda kusema. Mungu anamjua."

"Anamjua," nikasema.

Siku hiyo nilimsikia akifua mwenyewe. Nguo moja, kimya. Ya pili, kimya. Nilizihesabu kama nilivyohesabu mihogo yangu. Alifua saba. Keshoye sikusikia kitu. Mlango wa choo haukulia, redio haikuwashwa. Ule ukimya naujua kuliko sauti ya mama yangu. Ninavyoujua, ni wa mtu aliyelala kwa ubavu, kiu imemshika, maji yapo hatua nne kutoka kitandani, naye anazitazama zile hatua nne.

Nikauambia Mkono umpelekee maji.

"Siruhusiwi kumhudumia ambaye sijakabidhiwa kwake," ukasema, ukaendelea kukunja shuka zangu.

Nikampelekea mwenyewe, kikombe kimoja, nikishika ukuta. Nilimkuta kama nilivyomwona kichwani. Alikunywa, akafumba macho, akanong'ona, "Umechelewa, mtumwa wangu." Nikatoka upesi. Nilijiambia maji yale yanatosha, nimelipa.

*

Siku ya saba alikuja Bwana Mayunga, afisa yule yule wa chapati. Mtu mnene, mpole, anayevua viatu hata kwenye nyumba isiyo na zulia. Sheria inataka shahidi athibitishe mbele ya mwenye dai, kwa hiyo Mwamvita naye aliletwa. Alikuja ameshika ukuta hadi sebuleni kwangu, akajibwaga kwenye mkeka, uso una rangi ya majivu. Mkono ulikuwa umesimama nyuma ya kiti changu. Mwamvita aliutazama mara moja tu.

"Mama zangu," akasema Bwana Mayunga, "hili ni jambo dogo. Kwanza msikilize."

Akatoa kibao kwenye mfuko wake, akakibonyeza. Sauti yangu ikajaa chumbani. Huyu hachoki! Uchovu wake ni wa kupakwa kama wanja.

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilimsikia Mwamvita akivuta pumzi, nikangoja. Akaangua kicheko. Dhaifu, kimekatika katikati kwa kukosa nguvu, lakini kicheko.

"Ndiyo hiyo? Baba, mmenitesa wiki nzima kwa hiyo? Huyo ni mtani wangu! Tulikuwa msibani! Angenisifu ningeshtuka. Mwambie, Kalunde, tumalize, nikalale."

Bwana Mayunga alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua tu. Mimi mwenyewe Msukuma, watani zangu wamenizika mara tatu nikiwa hai. Mama, weka kiganja hapa. Sema ulikuwa unatania."

Kile kibao ni cheusi, kina baridi. Hakisomi akili, wanasema, kinasoma mkono wa mtu unavyousikia mdomo wake ukisema.

"Nilikuwa natania," nikasema.

Kibao kikawaka chekundu.

"Kimeloa," akasema Mwamvita. "Ana jasho kama punda. Kifute."

Akakifuta. Nikasema tena. Chekundu.

"Kibovu hicho," Mwamvita akasema. "Mnatuletea vitu vibovu, halafu mnatuita sisi waongo."

Bwana Mayunga alinitazama, akakitazama kibao. Alikuwa ameanza kufadhaika, na mtu wa ofisi akifadhaika hurudi kwenye fomu. "Kwa utaratibu, kikikataa mara mbili, ushahidi umesimama kuwa ulikusudiwa. Mkono unabaki hapa. Mama Mwamvita ataomba upya mwakani. Mama Kalunde huna haja ya kusema lolote, mimi nafunga."

Hebu tazama nilivyopangiwa. Nisingesema uongo mwingine hata mmoja. Ningekaa kimya tu, kama mtu aliyeonewa pamoja naye. Mwamvita angekilaani kile kibao hadi kaburini, na kesho yake angeniita Mnyamwezi juu ya mabati kama kawaida. Ningebaki na mgongo uliooshwa na mtani wangu pia. Vyote viwili. Ni mara ngapi maskini hupewa vyote viwili?

Mwamvita alikuwa amelaza kichwa kwenye magoti. Shingoni, ile mistari ya twende kilioni ilikuwa imefumuliwa nusu; mikono ilimwishia nguvu kabla hajafika katikati.

Bwana Mayunga alikwisha kukifunga kibao kwenye mfuko wake.

"Kitoe," nikasema.

"Mama?"

"Kitoe. Niulize swali jingine."

"Fomu ina swali moja tu. Ulikusudia au hukukusudia."

"Kukusudia nilikusudia. Niulize kama ni kweli."

Nadhani hakuna aliyepata kumwomba hivyo. Akakitoa, akakiweka juu ya stuli, nikaweka kiganja.

"Je," akasema polepole, akitunga mwenyewe, "Mwamvita anachoka?"

"Anachoka." Kijani. "Baada ya harusi ya Zaina alilala siku nane. Nilizihesabu kwa mlango wake wa choo." Kijani. "Alicheza kwa sababu alikuwa amekwisha kukubali zile siku nane. Nami hufanya hivyo kwa chapati." Kijani, kijani.

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

Niliinua macho. Mwamvita alikuwa ameinua yake.

"Wivu," nikasema.

Sijapata kukiona kijani cha namna ile. Sebule nzima ilipata rangi ya mgomba.

Bwana Mayunga aliandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauambia Mkono namba fulani, nao ukatoka nyuma ya kiti changu bila kuaga, ukaenda ukasimama kando ya mkeka, ukainama, ukampa Mwamvita kiwiko ashike. Akasimama. Ilimchukua muda.

Nilingoja anitukane. Nilitamani. Aniite mpagazi, mchawi, mla nyasi, aniambie hata babu zangu walikuwa wanaiba njiani. Mtu akikutukana bado u mtani wake.

"Nimekusikia, dada Kalunde," akasema. "Ahsante kwa kusema kweli."

Miaka miwili, hajapata kuniita dada.

"Mzaramo we!" nikamwita alipofika mlangoni. Sauti ilinitoka ya kuchekesha, ya msibani. "Mla nazi! Utafika kwako umesinzia njiani!"

Aligeuka kwa adabu, kama mtu anavyomgeukia mkwewe.

"Pumzika, dada," akasema. "Leo umejichosha."

Mkono ukamfungulia lango, wakapita.